Beetle ya marehemu baba: breki na saspenshini ya mbele zianzie wapi?

Kijana mmoja wa Likoni, Mombasa, ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Volkswagen Beetle ya 1969. Imekaa bandani miaka sita, na kutoka kwetu hadi baharini ni mwendo wa dakika tano. Injini tumeiwasha, inanguruma vizuri. Lakini pedali ya breki inazama, mpaka niipige mara tatu ndipo inashika, na ikishika gari linavuta kushoto. Usukani nao unatetemeka nikifika kilomita 60 kwa saa. Makenika mmoja aniambia nibadilishe shuu tu na kublidi. Mwingine ataka kunifungia diski za kisasa. Nimsikize nani, na ni kazi gani naweza kufanya mwenyewe?"

Marahaba, mwanangu, na Mola amrehemu mzee wako. Kabla ya yote: umesema ukifika 60 usukani unatetemeka, maana yake gari hilo tayari umelitia barabarani. Naomba usilitoe tena. Wewe ni mtu wa Likoni, waijua ile ramp ya feri. Waijua vile watu wanavyoshuka mbele ya magari, akina mama na vikapu, watoto wa shule, mikokoteni, wote wamekupa mgongo. Pedali inayotaka kupigwa mara tatu haina nafasi pale. Liegeshe, kisha tuanze.

Dalili zako zinasema mengi. Pedali inayopanda ukiipiga mara kadhaa mara nyingi ni shuu, yaani viatu vya breki, zilizo mbali na drami, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, au ni hewa ndani ya paipu. Pedali inayoshika kisha ikazama polepole ukiikandamiza ni mastasilinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali, inayovuja kwa ndani. Jaribu gari likiwa limesimama: kanyaga mpaka ishike, shikilia na uhesabu hadi 30. Ikitelemka, mastasilinda ni mgonjwa. Ila usiikanyage mpaka sakafuni kwa nguvu, kwani sehemu ile ya ndani ambayo pistoni haijaifikia miaka mingi huwa na kutu, na mpira ukipita hapo unachanika.

Kuhusu kuvuta kushoto, wengi hukimbilia kufungua gurudumu la kushoto. Anza na la kulia. Gari huvutwa na upande unaoshika, kwa hivyo ukivutwa kushoto, yaelekea upande wa kulia haufanyi kazi: silinda ya gurudumu, ile inayosukuma shuu, imeganda, au shuu zimelowa mafuta ya breki au grisi. Na usisahau hozi za mpira. Hozi ya zamani kwa nje yaweza kuonekana nzima huku ndani imevimba na tundu limebaki kama la sindano. Hapo presha yaenda kwa shida, au inakwenda halafu hairudi, gurudumu likabaki limeshikwa.

Sasa nikwambie kitu ambacho makenika wote wawili hawakukitaja, na mimi ndicho ningekitazama hata kabla ya kununua shuu moja. Ni kutu kwenye kichwa cha chesisi, yaani ncha ya mbele ya fremu ya chini ya gari. Bimu ya mbele ya Beetle, yale mabomba mawili yaliyolala moja juu ya jingine, imefungwa kwa bolti nne kwenye kichwa cha chesisi, na kichwa hicho ni mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa. Maji na matope hukaa pale. Pwani yetu tuna upepo wa chumvi mchana na usiku, na gari lililosimama bandani hupata chumvi bila kupata mvua ya kuliosha. Lala chini na tochi na bisibisi kuukuu. Gonga na uchome pale bimu inapoegemea, kisha kwenye bati la chini. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza na bisibisi ikaingia. Ikiingia, pesa za breki ziweke kando kwanza, umtafute fundi wa kuchomelea aliyewahi kufanya kazi hiyo, akate bati bovu lote na kutia jipya. Kubandika kiraka juu ya kutu sikubaliani nako kabisa. Gusa na bimu yenyewe, hasa chini, na paipu za breki zinazopita kando ya chesisi kuelekea nyuma.

Kama kichwa ni kizima, alhamdulillahi, kazi iliyobaki ni ya mikono na subira.

Inua gari kwa jeki, kisha uliweke juu ya stendi za chuma. Usiliweke juu ya matofali ya mawe ya matumbawe, tunayojengea nyumba. Nimeyaona yakipasuka ghafla bila hata kutoa ufa kwanza. Zile sehemu za jeki za pembeni mwa Beetle pia usiziamini mpaka umezichunguza kutu. Nati na bolti zote zimwagie mafuta ya kulainisha kutu jioni, urudi asubuhi, umwagie tena. Piga picha kila hatua, hasa shuu na springi zake kabla hujazitoa.

Nati ya beringi ya gurudumu la mbele kushoto ina uzi wa kinyume, inafunguka ukizungusha kama unafunga. Ina skrubu ndogo ya alenki ubavuni inayoibana, ilegeze kwanza. Wengi wamezivunja nati hizo kwa kukosa kujua mambo haya mawili tu. Na gurudumu moja la mbele ndilo linalozungusha kebo ya spidi, kwa hivyo toa kipini kilichopo katikati ya kifuniko kabla hujakigonga.

Drami zikitoka, usipulize lile vumbi kwa kompresa, wala kwa mdomo. Shuu za enzi hizo nyingi zilitengenezwa na asbestosi, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lowesha kwa maji ya sabuni, pangusa kwa kitambaa, kitambaa ukifunge kwenye mfuko na ukitupe. Vaa barakoa. Nduguzo wadogo wasikaribie.

Fungua silinda za magurudumu zote nne, hata ile inayoonekana inafanya kazi. Sukuma pistoni nje, safisha ndani kwa mafuta mapya ya breki, kisha pitisha ukucha ukutani mwa silinda. Ukucha ukikwama kwenye kishimo, silinda hiyo imekwisha. Yako maelekezo ya kusugua kwa msasa na kutia mpira mpya. Nami nilikuwa nafanya hivyo. Miaka mingi nyuma nilimsugulia mteja silinda moja ya nyuma kwa sababu hakuwa na pesa ya nne, zikawa mpya tatu na moja ya zamani. Wiki ya tatu alirudi, tairi limelowa upande wa ndani, akaniambia alisimamisha gari kwa hendibreki huku akiteremka, na mkewe kando yake ana mimba. Silinda za Beetle si ghali. Nunua nne, na kwa ekseli moja usichanganye mpya na kuukuu.

Drami zipeleke kwa fundi wa kukereza azipime kabla ya kuzichonga. Beetle nyingi za miaka hiyo zina drami za mbele za kipenyo cha milimita 248 zikiwa mpya, na mwisho wake ni kama milimita 249.5. Ikizidi hapo ni nyembamba, inapata moto haraka na yaweza kupasuka, itupe. Na zikichongwa, zichongwe mbili za ekseli moja kwa kipimo kimoja, la sivyo ule mvuto wa kushoto utarudi ukiwa na shuu mpya.

Paipu za chuma nakushauri ubadilishe zote. Zilizokaa miaka kando ya bahari huoza kutokea nje, na hasa chini ya vibanio, mahali usipoona. Mtu ukimwambia paipu ya shaba ya friji, mkatalie. Tumia paipu ya breki ya aloi ya shaba na nikeli, kipenyo cha milimita 4.75, haishiki kutu na hupindika vizuri kwa mkono. Lakini ipo hatari hapa, na ndiyo makosa ninayoyakuta mara nyingi zaidi kuliko yote kwenye magari ya Kijerumani yaliyopita mikononi mwa mafundi wetu. Mafundi wengi wamezoea Toyota na Nissan, na mashine yao ya kupanua mdomo wa paipu hutengeneza mdomo uliokunjwa mara mbili kama faneli. Paipu ya Volkswagen inataka mdomo wa mviringo kama kichwa cha uyoga, na nati yake ni milimita 10 ya uzi wa milimita 1. Ukilazimisha ule wa Toyota, utakaza mpaka nati ilie na bado utatoa jasho la mafuta. Mpelekee fundi kipande cha paipu yako ya zamani, umwambie: nataka mdomo kama huu. Akikwambia ni sawa tu, mshukuru na uende kwa mwingine.

Mastasilinda: hesabu paipu zinazotoka. Beetle za mwaka wako zipo za laini moja na zipo za laini mbili, ambapo upande mmoja ukipasuka mwingine unabaki. Ukiwa na ya laini moja na ukipata ya laini mbili pamoja na chupa yake ya mafuta, hapo ndipo pesa ya ziada ina maana, kuliko diski. Ukishaifunga, pima nafasi kati ya fimbo ya pedali na pistoni: iwe milimita 1. Kwa mguu utaisikia kama pedali inayocheza milimita 5 hadi 7 kabla ya kukutana na uzito. Usiiondoe nafasi hiyo ukidhani unapunguza ulegevu. Ndani ya mastasilinda kuna kitundu kidogo kinachoruhusu mafuta yarudi kwenye chupa. Fimbo ikisukuma pistoni hata kidogo, kitundu kimezibwa, mafuta yakipata moto hayana pa kwenda, na breki zitajifunga zenyewe katikati ya foleni ya Nyali.

Mafuta ya breki yawe DOT 4, chupa mpya ambayo sili yake unaifungua wewe. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani, na hewa ya Mombasa ina unyevu wa kutosha kwa nchi mbili. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za selsiasi; yakishakunywa maji hushuka hadi karibu 155, na yakichemka ndani ya paipu pedali inazama. Ndiyo sababu huyabadilisha kila miaka miwili hata kama gari halikutembea. Asikuambie mtu utie mafuta ya gia au ya usukani kwa dharura: mipira yote itavimba na utaianza kazi upya. Na yakimwagikia rangi ya gari la mzee, osha kwa maji papo hapo.

Kublidi, yaani kutoa hewa kwenye paipu, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na mastasilinda. Kwa gari letu la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Lakini kaza shuu kwanza: kila gurudumu lina nyota mbili za kurekebisha, zungusha kila moja kwa bisibisi kupitia tundu lake mpaka gurudumu lishikwe, kisha rudisha meno machache mpaka lizunguke huru. Nakuhakikishia nusu ya pedali zinazozama kwenye Beetle zinaponea hapo. Ungeweza kublidi chupa tano bila kuona tofauti kama nyota hizi zimelegea.

Sasa huo mtetemo wa 60. Kabla ya kulaumu saspenshini, tazama tairi. Tairi lililosimama miaka sita huwa na ubapa, na mpira wake umekufa hata kama meno yapo. Tazama na presha: Beetle ina injini nyuma, mbele ni nyepesi, na tairi za radial zinataka karibu psi 18 mbele na 27 nyuma. Vijana wa pampu hutia 30 kote, gari likawa linarukaruka mbele kama mpira.

Halafu shika gurudumu likiwa juu, mkono mmoja juu na mwingine chini, litikise. Mwenzio alale chini na tochi aangalie nini kinacheza. Kama drami yacheza peke yake, ni beringi. Zitoe, zioshe, zitazame kwenye jua: rola ikiwa na doa la kutu au rangi ya buluu, badilisha pamoja na mabakuli yake. Wakati wa kufunga, kaza nati huku ukizungusha gurudumu ili rola zikae, kisha rudisha mpaka ile washa (ringi bapa) nene nyuma ya nati iweze kusogezwa kando kwa ncha ya bisibisi, bila kuipembua kwa nguvu. Hapo ndipo pake. Ukikaza kama nati ya gurudumu, beringi itaungua kabla hujafika Mariakani.

Kama gurudumu lote linacheza pamoja na stabekseli, kile chuma kinachobeba gurudumu, ni boljointi, yaani viungo vya duara vinavyoliunganisha na mikono ya bimu. Beetle yako, ikiwa ni ya 1969 na bimu haijabadilishwa, ina boljointi mbili kila upande. Za kabla ya modeli ya 1966 zilikuwa na kingpini, pini ya chuma badala ya boljointi, kwa hivyo usiuziwe spea za huko. Boljointi hizi zinaingizwa kwenye mikono ya bimu kwa presi. Kazi hii usifanye kwa nyundo nyumbani. Toa mkono mzima, upeleke penye presi ya haidroliki, na mwambie fundi alinganishe alama ya mkato kwenye boljointi na ile ya mkono. Mkono uliowahi kubadilishwa mara nyingi tundu lake limelegea, na kuna boljointi za saizi kubwa kidogo, hujulikana kwa mikato miwili. Kuna mafundi watakaokuambia waweza kuichomelea ile ya zamani isicheze. Ile boljointi ndiyo imeshika gurudumu lako. Ichomelee kitu kingine.

Boljointi ya juu imekaa ndani ya bushi ambayo tundu lake haliko katikati, na bushi hiyo ndiyo inayorekebisha mlalo wa gurudumu (camber). Kabla hujaitoa, ipige alama kwa patasi inaelekea wapi. Kawaida mkato wake hutazama mbele.

Uzuri wa Beetle yako ni kwamba haina springi za koili zinazotaka kubanwa. Springi zake ni rundo la vyuma bapa ndani ya yale mabomba, yamefungwa katikati kwa skrubu. Kama mikono haichezi ndani ya bimu, usivifungue. Inua mbele magurudumu yaning'inie, pampu grisi kwenye nipo (vichuchu vya kupigia grisi) nne mpaka ile nyeusi itoke na mpya ionekane. Mikono ikicheza, beringi za nje na bushi za ndani zimekwisha. Hapo mara nyingi ni nafuu kutafuta bimu nzima iliyo safi, na kuishusha ya zamani kunataka utoe tangi la petroli kwanza, kwani bolti mbili za juu zinafikiwa hapo.

Badilisha shokabzoba mbili za mbele, mipira ya stabilaiza (hii peke yake sina ugomvi nayo ikikatwa kwenye tairi kuukuu), tairodi endi (ncha za fimbo za usukani) zinazocheza, na dampa ndogo ya usukani, ile inayozuia usukani kutikisika. Dampa ikifa, mtetemo wa 60 mara nyingi ni wake. Boksi ya usukani usiiguse skrubu yake mpaka haya yote yawe mapya, maana ukiikaza kuficha ulegevu wa tairodi utakula meno ya ndani. Mwisho kabisa ni alaimenti. Mashine za kompyuta huenda hazina gari lako kwenye orodha, kwa hivyo nenda na vipimo mkononi: magurudumu ya mbele yaingie ndani kwa mbele jumla ya dakika 30, yaani nusu digrii, na mlalo wa kila gurudumu nusu digrii chanya, yaani juu liegemee nje kidogo.

Makenika wa diski si mwongo. Volkswagen wenyewe walifunga diski mbele kwenye Beetle 1500 kuanzia modeli ya 1967. Lakini ukifunga, hesabu kwanza bolti za gurudumu, tano au nne, kwa sababu mpangilio ni tofauti. Na mastasilinda ya drami yaweza kuwa na vali inayobakiza presha kidogo ndani ya paipu, ambayo kwenye diski huacha padi zikikwaruza mchana kutwa. Kwa mwendo wa hapa mjini, drami nzima zinakutosha. Beetle zilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, zikapita matope na makorongo ya Afrika Mashariki, zikiwa na drami pande zote. Diski juu ya bimu inayocheza na paipu iliyooza hazitakusaidia kitu.

Vya kufanya mwenyewe: kuloweka, kufungua, kuosha, kupaka rangi, kupiga grisi, kukaza nyota, kublidi na ndugu yako kwenye pedali. Vya kumpelekea fundi: kuchomelea, presi, kukereza, midomo ya paipu.

Siku ya kwanza, kabla ya gari kutoka nje ya uwanja wa nyumbani, hakikisha hendibreki inashika peke yake, kwa sababu inavuta kebo za nyuma na haitegemei mafuta. Kisha kanyaga breki kwa nguvu zako zote, shikilia dakika moja, mwenzio apite na tochi kila maungio na kipande cha karatasi nyeupe. Doa lolote, rudi. Pakiwa pakavu, tembea alfajiri barabara ikiwa tupu, kilomita 20 kwa saa, funga breki mara kumi, shuka, uguse kila drami: joto liwe sawa kushoto na kulia. Baada ya kilomita 300 kaza nyota tena, maana shuu mpya hukaa, na tazama tena nati ya beringi. Ukifika hapo ndipo uteremke ramp ya feri.